Modeli inatabiri vizuri, mbona gari bado linapoteza mtandao?

"Mhandisi, habari za kazi. Tuna gari la mizigo linalojiendesha lenyewe ndani ya ghala, mwendo wake mita 1.5 kwa sekunde. Linaongozwa kwa Wi-Fi ya 5 GHz, na ghala lina vituo sita vya kurushia mawimbi hayo. Kila likitoka kituo kimoja kwenda kingine mawasiliano hukatika sekunde 2 hadi 3, na gari husimama. Nikaona dawa ni kutabiri. Nimekusanya rekodi za nguvu ya mawimbi za saa 12, sampuli 10 kwa sekunde, nikazichanganya, nikatenga asilimia 80 za kufundishia na 20 za kupimia, kisha nikaufundisha mtandao neva wa LSTM, ule unaokumbuka mfuatano wa yaliyotangulia, utabiri RSSI (nguvu ya mawimbi inayopokelewa) ya kila kituo sekunde moja mbele. Kosa ni dB (desibeli) 3 tu. Vituo vingine gari huviskani kila baada ya sekunde 5. Utabiri ukionyesha kituo kingine kitakizidi cha sasa kwa dB 3, gari linahama. Sasa linarukaruka kati ya vituo viwili kuliko zamani, na kwenye kona za rafu bado linakatika. Niongeze data? Nitumie modeli kubwa zaidi? Au kichujio cha Kalman, ile hesabu ya kukadiria thamani halisi kutoka vipimo vyenye kelele, kingetosha?"

Ndugu yangu, asante kwa kuniandikia kwa namba. Mara nyingi naletewa "mtandao unasumbua" basi, nabaki kupiga ramli. Wewe umenipa mwendo, sampuli, kizingiti na hata namna ulivyozigawa data, na sehemu kubwa ya jibu imo humo humo.

Ninavyokuelewa, hoja yako ni hii: gari likijua sekunde moja kabla kwamba kituo cha sasa kinakwenda kufifia, litahama mapema na halitasimama. Wazo hilo si baya, na kwenye mitandao ya simu limehangaikiwa miaka mingi. Kinachokutatiza ni kwamba modeli ni hodari kwenye kompyuta, halafu ikishuka sakafuni inaboronga. Maswali yako matatu nitayajibu, ila naomba nianze na jambo ambalo hukuliuliza, maana naona ndilo linalokula muda wako mwingi: zile sekunde 2 hadi 3 zinatoka wapi?

Kukiaga kituo kimoja na kukubaliwa na kingine ni suala la ujumbe kadhaa unaokwenda na kurudi. Hata uthibitishaji wa funguo ukiwa mzito, kwa kawaida haufiki huko. Kinachokula muda ni kutafuta. Kadi ya Wi-Fi husikia chaneli moja kwa wakati mmoja. Ikipoteza kituo chake, hupita chaneli moja baada ya nyingine ikisikiliza nani yupo. Vituo navyo hujitangaza kwa bikoni, kwa kawaida moja kila milisekunde 102.4, kwa hiyo kadi inayosikiliza bila kuuliza lazima ikae kila chaneli zaidi kidogo ya milisekunde 100, la sivyo itapita mlango wa mtu kabla hajatoka. Bendi ya 5 GHz ina chaneli 20 hivi au zaidi katika nchi nyingi. Zidisha uone: sekunde 2 na ushei. Inafanana mno na namba uliyoniletea. Watafiti Mishra, Shin na Arbaugh walipolipima jambo hili mwaka 2003 walikuta hatua ya kutafuta inachukua zaidi ya asilimia 90 ya muda wote wa kuhama. Kadi zao zilikuwa za zama zile, lakini sura ya tatizo ni ileile mpaka leo.

Tena 5 GHz ina mtego wake. Chaneli zake nyingi hutumiwa pia na rada, na huko kadi hairuhusiwi kupaza sauti kuuliza "nani yupo hapa?" mpaka kwanza isikie kituo kikiongea. Kwa hiyo hata kadi yenye haraka hulazimika kukaa kimya na kusubiri bikoni. Kama aliyepanga chaneli za ghala lenu ameviweka vituo vyote huko, mnalipa gharama hiyo kila kona.

Sasa fikiri: vituo sita haviwezi kutumia chaneli zaidi ya sita. Ukiiambia kadi itafute katika chaneli zinazotumika tu, tuseme ni nne, muda wa kutafuta unashuka chini ya nusu sekunde bila modeli yoyote. Kiwango cha Wi-Fi cha 802.11k humpa mteja, yaani kifaa kinachojiunga na kituo, orodha ya majirani ili asitafute gizani, na 802.11r huandaa funguo za kituo kijacho mapema ili kujiunga kuwe kwa ujumbe mchache. Vyote viwili vipo tangu 2008. Hakikisha vimewashwa pande zote mbili, kwenye vituo na kwenye kadi ya gari. Nimeshakuta mara nyingi upande mmoja umewashwa na mwingine umelala, na kila fundi anaapa kwamba upande wake uko sawa.

Nimeanza huko kwa sababu muda unaopaswa kuutabiri ni ule tu unaohitaji kujiandaa. Maandalizi yakichukua sekunde 3, unalazimika kuona mita 4.5 mbele ya gari. Yakichukua milisekunde 200, unahitaji kuona sentimita 30. Kazi hizi mbili hazifanani hata kidogo, na hakuna modeli itakayokupa kwa ya kwanza raha unayoipata kwa ya pili.

Tuje kwenye kosa lako la dB 3. Kabla ya kulifurahia, lipambanishe na mtabiri mvivu kuliko wote: yule anayechukua thamani ya sasa hivi na kusema ndiyo itakayokuwa sekunde moja ijayo. Hana modeli wala mafunzo. Pima kosa lake kwenye rekodi zako zilezile. Nitashangaa likiizidi sana namba yako. Kama LSTM haijamwacha mbali huyo mvivu, ulichofundisha ni kasuku. Dalili yake unaweza kuiona kwa macho: chora mstari wa thamani halisi, juu yake chora mstari wa utabiri. Ikiwa mstari wa utabiri ni ule wa kweli uliosogezwa kulia kwa sekunde moja, modeli inakariri yaliyopita na kuyaita yajayo.

Kuna na kosa la kugawa data, ambalo karibu kila mtu hulifanya mara ya kwanza, nami nilifanya. Ulizichanganya sampuli kabla ya kuzigawa. Maana yake sampuli moja imeingia kwenye mafunzo, na ile iliyoifuata milisekunde 100 baadaye, gari likiwa limesogea sentimita 15 tu, ikaingia kwenye mtihani. Umempa mwanafunzi mtihani ambao majibu yake alishayaona pembeni. Gawa kwa safari nzima, au bora zaidi kwa siku: fundisha kwa rekodi za siku kadhaa, pima kwa siku ambayo modeli haijawahi kuiona. Jiandae kisaikolojia, namba itapanda.

Lakini hata ukilisafisha hilo, bado kuna mpaka uliowekwa na mawimbi yenyewe. Nguvu unayoipokea ni mambo matatu yaliyopandana.

La kwanza ni umbali. Sehemu ya wazi, umbali ukizidi mara mbili unapoteza dB 6. Penye vizuizi vingi ni dB 9 hadi 12. Hili linatabirika vizuri sana, ila kwako halina faida. Gari likiwa mita 20 kutoka kituoni na likaenda kinyume nacho kwa sekunde moja, umbali unakuwa mita 21.5, na nguvu inashuka kwa chini ya dB 1 au kama dB 1 hivi. Hakuna uamuzi wa kuhama unaoweza kujengwa juu ya hiyo.

La pili ni kivuli: rafu, nguzo, mzigo uliopangwa hadi darini. Kivuli hubadilika polepole kadiri unavyosogea. Mtafiti Gudmundson mwaka 1991 alionyesha kwamba uhusiano wa kivuli cha hapa na cha pale hupungua kwa mkunjo wa kipeo kadiri umbali kati ya sehemu hizo unavyoongezeka. Nje, barabarani, uhusiano huo unaweza kudumu makumi au mamia ya mita. Ndani ya ghala lenye rafu ni mita chache tu. Hapa ndipo penye utabiri wa kweli, na nitaparudia.

La tatu ni mfifio wa haraka. Mawimbi yanafika antena kwa njia nyingi, mengine yameakisiwa na chuma, mengine na sakafu. Yakikutana yanasaidiana au yanauana. Kwa 5.2 GHz urefu wa wimbi ni kama sentimita 5.8, kwa hiyo kutoka kilele hadi kilele kingine ni nusu yake, karibu sentimita 3. Gari lako husogea sentimita 15 kati ya sampuli na sampuli. Linaruka vilele na mabonde matano bila kuviona. Mfifio wa sampuli hii hauambii chochote cha maana kuhusu mfifio wa sampuli ijayo, sembuse ya sekunde nzima mbele. Hiyo ni kelele kwako, na modeli ikipewa uwezo mkubwa itaanza kuikariri kelele hiyo. Ndiyo maana nasema modeli kubwa zaidi haikusaidii.

Na hapa kuna kitu kwenye namba yako ambacho kilinifanya nikae sawa kwenye kiti. Pale ambapo hakuna njia ya moja kwa moja kati ya antena mbili, mfifio huu peke yake, kwa mawimbi ya bendi nyembamba, huifanya sampuli moja iyumbe kwa mkengeuko wa takriban dB 5.6. Wi-Fi ina bendi pana, na pale gari linapokiona kituo wazi kuyumba ni kidogo, kwa hiyo namba hiyo hupungua. Hata hivyo, kosa la dB 3 katikati ya rafu za chuma linanishawishi kwamba unachosoma si sampuli mbichi. Dereva nyingi za kadi, yaani programu zinazoiendesha kadi, hukupa wastani ambao zimeshausawazisha zenyewe. Jambo jema? Nusu tu, kwa sababu kusawazisha kunachelewesha.

Chukua kichujio cha kawaida ambacho kila sampuli mpya hupewa uzito wa 0.1 na ya zamani 0.9. Nguvu inaposhuka kwa mteremko, kichujio hicho huwa nyuma kwa sampuli 9. Kwa sampuli 10 kwa sekunde, ni sekunde 0.9, yaani mita 1.35 za safari. Sasa weka juu yake utabiri wako wa sekunde moja mbele. Umeona? Karibu utabiri wote unalipa deni la kichujio. Unafikiri gari linaona yajayo, kumbe ndiyo kwanza linafika kwenye sasa. Tafuta kama dereva yako inaruhusu kusoma RSSI ya kila fremu (kipande cha data) inayopokelewa badala ya wastani. Gari likiwa linapokea maagizo mfululizo utapata sampuli nyingi kuliko za bikoni peke yake, na wewe mwenyewe utachagua kiasi cha kusawazisha. Kanuni ya zamani ya wahandisi wa redio, inayotokana na kazi ya William Lee ya miaka ya 1980, inataka wastani uchukuliwe juu ya urefu wa wimbi 20 hadi 40. Kwako ni mita 1.2 hadi 2.3, ambazo gari huzipita kwa sekunde moja na nusu au pungufu.

Sasa kona. Niliwahi kusukuma toroli lenye kompyuta mpakato katika sehemu inayofanana na hiyo unayonieleza, kwa sababu nilikuwa siamini mchoro nilioletewa. Katikati ya njia, kati ya rafu mbili, namba ilikuwa inacheza kwenye -58 dBm, mita baada ya mita, imetulia kabisa. Nilipokata kona mwisho wa rafu, ndani ya hatua mbili ikawa -76. Nikarudi nyuma, nikapita tena. Ilishuka palepale. Nikapita mara kumi, na kila mara anguko lilikuwa ndani ya hatua moja kutoka lilipokuwa mwanzo. Niliweka alama ya chaki sakafuni, mfanyakazi mmoja akaniuliza kama ninachora mchezo wa watoto.

Fikiria sasa modeli yako inapewa nini. Inapewa sekunde kadhaa za -58 tulivu, na kuambiwa itabiri. Katika namba hizo hakuna hata chembe inayosema kona inakuja. Mwenye akili kuliko wote duniani, akipewa historia hiyo tu, angejibu -58. Lakini aliyejua gari liko wapi na linaelekea wapi angejibu -76 bila kufikiri. Na gari lako linajua! Linajiendesha, kwa hiyo kila wakati lina makadirio ya lilipo na njia litakayopita. Umeifundisha modeli kwa kuifumba macho, ikabaki kupapasa kwa masikio.

Kwa hiyo kuhusu data jibu langu ni: saa nyingine 12 za aina ileile, hapana, data zenye nafasi ya gari, ndiyo, na hata saa chache zitatosha kuanzia. Tengeneza ramani. Igawe sakafu katika miraba ya nusu mita au mita moja. Katika kila mraba weka wastani wa kila kituo, na uutenganishe kwa uelekeo wa gari, kwa sababu mzigo ulioko nyuma ya antena nao unatia kivuli: gari likienda kaskazini na likirudi kusini halioni mtandao uleule. Kila gari linapopita mraba, lisahihishe namba kidogo, ili ramani iende na mabadiliko ya shehena. Maji na chuma ni maadui wakubwa. Rafu iliyokuwa tupu juzi ikijazwa chupa za maji leo, kivuli ni kingine. Jambo moja husahaulika: mifumo mingi ya vituo hupandisha na kushusha nguvu ya kurushia yenyewe, usiku usiku. Zuia hilo wakati wa kuchora ramani, au angalau lirekodiwe, vinginevyo utakuwa unachora ukuta unaotembea.

Ramani itakusaidia na tundu jingine, ambalo nadhani ndilo kubwa kuliko yote katika mpangilio wako wa sasa. Unaskani vituo vingine kila sekunde 5. Katika sekunde 5 gari limekwenda mita 7.5. Unapolinganisha kituo cha sasa, ambacho habari zake ni mbichi, na jirani ambaye habari zake zinaweza kuwa na umri wa hadi mita 7.5, hulinganishi vitu viwili vya aina moja. Ramani inakwambia jirani yukoje hapa ulipo, na skani fupi ya chaneli moja inathibitisha tu.

Kurukaruka nako kuna hesabu yake nyepesi. Uamuzi wako hautegemei nguvu ya kituo kimoja, unategemea tofauti ya vituo viwili. Kila utabiri una kosa la dB 3. Kama makosa hayo hayahusiani, kosa la tofauti ni 3 mara kipeuo cha pili cha 2, yaani dB 4.2. Kizingiti chako ni dB 3. Gari likiwa mahali ambapo vituo viwili viko sawasawa kabisa, karibu mara 1 kati ya 4 hesabu itadai jirani amezidi kwa dB 3 au zaidi, na likishahama, nafasi ileile ipo ya kudai kinyume. Linarukaruka kwa sababu umeliruhusu. Zamani, bila utabiri, kosa lilikuwa dogo kidogo na uchelewaji wa kichujio ulikuwa unalituliza. Ukauondoa uchelewaji bila kuweka kitu mahali pake.

Mitandao ya simu ilishayapitia haya. Huko simu hupima na mtandao huamua, tofauti na Wi-Fi ambako mteja mwenyewe ndiye anayeamua. Sharti linalotumika sana, wanaloliita tukio la A3, linataka jirani azidi kwa kiasi fulani na pia abaki amezidi kwa muda fulani, na muda huo huchaguliwa kutoka orodha inayoanzia 0 hadi milisekunde 5120. Anayepanga namba hizo yuko kati ya moto na maji: akiweka ndogo, simu zinarukaruka; akiweka kubwa, simu iliyo kwenye gari la kasi inakatika kabla sharti halijatimia. Baya zaidi ni kwamba amri ya kuhama husafirishwa na kiungo kilekile kinachokufa. Katika toleo la 16 la viwango vya 3GPP, muungano unaoweka viwango vya mitandao ya simu, lililokamilika 2020, wakaja na makabidhiano yenye masharti: mtandao unawaandaa majirani kadhaa mapema, mawasiliano yakiwa bado mazuri, unaiachia simu masharti, na simu inaruka yenyewe yanapotimia.

Ukichukua kitu kimoja kwenye barua hii, chukua hicho. Utabiri utumike kuandaa; kipimo cha sasa kitumike kuhama. Kuandaa bure hakukugharimu kitu, labda skani ya chaneli moja na kubadilishana funguo. Kuhama bure kunakugharimu pakiti za data. Kwa hiyo utabiri wenye wasiwasi wa asilimia 30 kwamba kituo kitaanguka chini ya, tuseme, -72 dBm ndani ya mita mbili unatosha kabisa kuanzisha maandalizi. Kuhama kwenyewe kusubiri hadi jirani awe amezidi kweli kwa dB 6 hivi kwa milisekunde 200 au 300, au kituo cha sasa kiwe kimeanguka kweli na jirani yupo tayari. Namba hizi ni za kuanzia, zirekebishe kwa rekodi zako.

Na Kalman? Kichujio hicho cha mwaka 1960 kinakutosha, nikiwa mkweli. Kifuatilie vitu viwili, kiwango na mteremko, kwa ajili ya tofauti kati ya kinachosomwa na kilichoandikwa kwenye ramani. Hapo kinafanya kazi ndogo yenye heshima: ramani inasema -60, leo tunasoma -64, basi leo kila kitu hapa kiko chini kwa dB 4, endelea hivyo kwenye miraba michache ijayo. LSTM inaweza kuja baadaye ikushindanie dB 1. Sikukatazi, ila isije kabla ya mtabiri mvivu, ramani na Kalman kuwekwa kwenye mizani moja. Na mizani isiwe kosa la dB. Zichezeshe rekodi upya, acha kila mbinu iamue, kisha hesabu: imehama mara ngapi, imerudi kituo ilichotoka ndani ya sekunde chache mara ngapi, na gari limekaa muda gani chini ya kizingiti. Ili hilo liwezekane unahitaji rekodi za vituo vyote kwa wakati mmoja, kwa hiyo funga kadi ya pili ya kusikiliza tu wakati wa kukusanya.

Ukishafunga kadi ya pili, bila shaka utajiuliza: kwa nini isibaki? Ni swali zuri, na kama gari lina nafasi na umeme, pengine ndilo jibu lako. Kadi moja inabaki kwenye kituo cha zamani, nyingine inajiunga na kipya, halafu ndipo mizigo ya data inahamishwa. Hapo utabiri unakuwa pambo. Gharama yake ni programu ya kusimamia njia mbili, na antena mbili ambazo zisiwe zimebanana.

Kuna mambo ambayo siwezi kukusaidia nikiwa mbali. Ukiona RSSI ni -55 au -60 na bado pakiti zinarudiwa-rudiwa, tatizo si nguvu, ni kuingiliwa na mawimbi mengine au mwangwi mkali, na anatakiwa mtu mwenye kifaa cha kuchambua masafa apite ghalani kwa miguu wakati kazi zinaendelea, maana usiku ghala likiwa tupu hataona kitu. Ukikuta maeneo ambayo hakuna kituo hata kimoja kinachofika -70 dBm, huko hakuna cha kutabiri, kituo kihamishwe au kiongezwe. Angalia pia antena zilivyofungwa kabla hujamlipa mtu. Nimewahi kukuta moja imebanwa nyuma ya nguzo ya chuma, imekaa hapo miaka.

Na lile la gari kusimama. Utashawishika kuongeza muda wa kuvumilia ukimya ili lisisimame ovyo. Usiuguse peke yako. Kaa na anayehusika na usalama wa mashine hiyo, mpime kwanza kama breki na vihisi vya kugundua watu vinafanya kazi vyenyewe ndani ya gari bila kutegemea Wi-Fi. Kama vinategemea, liondoeni gari kwenye njia za watu leo, mambo ya modeli yatafuata.